Je, wajua ilikuwaje Mhungaria akavaa jezi ya Sovieti na kuitoa Hungaria kwenye Kombe la Dunia?

Julai 23, 1966, uwanja wa Roker Park mjini Sunderland, kaskazini mwa Uingereza. Ni robo fainali ya Kombe la Dunia, Umoja wa Kisovieti dhidi ya Hungaria. Siku nane nyuma Wahungaria waliwashangaza watu kwa kuichapa Brazil 3-1, na wengi wanaamini hawa ndio wanaocheza soka tamu kuliko wote. Upande wa pili, katikati ya uwanja wa Wasovieti, kuna kiungo mkali asiyeogopa kugongana na mtu. Kwenye orodha ya timu ameandikwa Sabo.

Jina lake kamili ni József Szabó, na Szabó ni jina la Kihungaria asilimia mia. Alizaliwa Februari 29, 1940 katika familia ya Kihungaria, kwenye mji uliokuwa ndani ya mipaka ya Hungaria siku hiyo. Lugha aliyokuwa akipigiwa kelele na wapinzani wake siku ile aliijua tangu utotoni. Mchezo ukaisha 2-1, Wasovieti wakasonga mbele, Hungaria wakafunga virago.

Mtu anaweza kudhani kijana huyu aliikimbia nchi yake au alinunuliwa. Hakuna kati ya hayo lililotokea. Szabó hakuvuka mpaka wowote, mpaka ndio uliomvuka yeye.

Mji wenyewe unaitwa Uzhhorod, au Ungvár kwa Kihungaria. Uko katika Zakarpattia, kipande cha ardhi kilichojibanza magharibi mwa milima ya Karpati. Hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, kisha ukapewa nchi mpya ya Chekoslovakia. Novemba 1938 Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini zikasimamia makubaliano ya Vienna yaliyourudisha kwa Hungaria. Oktoba 1944 Jeshi Jekundu la Wasovieti likaingia, na Juni 1945 Chekoslovakia ikatia saini kuikabidhi Zakarpattia kwa Moscow. Tangu 1991 ni Ukraine. Wakazi wa Tunduma au Busia wanajua maisha ya kuamka kila siku na mpaka mlangoni, lakini angalau mpaka wao wanaukuta palepale walipouacha jana.

Wenyeji wana utani wao kuhusu jambo hili. Mzee anaulizwa historia yake, anajibu: nilizaliwa Austria-Hungaria, nikasoma Chekoslovakia, nikaoa Hungaria, nikafanya kazi Umoja wa Kisovieti, na sasa pensheni naipokea Ukraine. Mwulizaji anastaajabu: kumbe umetembea sana! Mzee anatikisa kichwa: sijawahi kutoka mjini kwetu Mukachevo.

Kwenye mdomo wa mzee ni kichekesho, ila mwaka 1944 haukuwa wa kucheka. Wiki chache baada ya Wasovieti kuingia, wanaume wa Kihungaria na Kijerumani wa miaka 18 hadi 50 waliamriwa kujiandikisha kwa kazi ndogo ya siku tatu. Walipelekwa kambini, na maelfu hawakurudi. Szabó wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minne. Akakulia mahali ambapo kuwa Mhungaria ni jambo la kawaida nyumbani na la kuangaliwa kwa jicho la pembeni ofisini.

Hapa ndipo lilipo jibu la kisheria la swali letu. Pasipoti ya ndani ya Kisovieti ilitenganisha mambo mawili ambayo kwingine huwa yanachanganywa. Uraia ulikuwa mmoja kwa wote: wa Umoja wa Kisovieti. Halafu kulikuwa na mstari mwingine wa asili ya mtu, yaani Mrusi, Mgeorgia, Myahudi, Muuzbeki, Mhungaria. Mstari huo ungeweza kukufungulia mlango au kukufungia, lakini haukukupa nchi nyingine ya kwenda. Kwenye mechi za kimataifa kinachohesabiwa ni uraia, na raia wa Kisovieti hakuwa na ruhusa ya kuamka asubuhi akaamua kwenda kucheza Budapest, hata kama Budapest ilikuwa jirani zaidi na Uzhhorod kuliko Kyiv, sembuse Moscow. Timu ya taifa ya Wasovieti ikawa mkusanyiko wa watu wa kila pembe. Kikosi cha 1966 kilikuwa na Wageorgia, Mtatari Galimzyan Khusainov, Anatoliy Banishevskiy wa Baku, na Szabó wa Uzhhorod.

Lakini uraia peke yake haumweki mtu kwenye kikosi cha kwanza. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na watu zaidi ya milioni 200, sasa kwa nini kona ndogo kama Zakarpattia ilikuwa ikitoa wachezaji mfululizo? Kwa maoni yangu hili ndilo swali tamu kuliko lile la pasipoti.

Ilikuwa hivi. Wakati klabu za Kisovieti zikicheza zenyewe kwa zenyewe miaka ya 1930, vijana wa Uzhhorod walikuwa wakikua ndani ya soka la Ulaya ya Kati, ambalo wakati huo lilikuwa miongoni mwa bora duniani. Prague, Budapest na Vienna zilikuwa vyuo vya pasi fupi na mpira wa chini. SK Rus ya Uzhhorod ilipanda hadi ligi kuu ya Chekoslovakia msimu wa 1936-37. Wachezaji wengi walikuwa walimu wa shule, na kwa kuwa Prague ilikuwa mbali mno kwa treni, walikuwa wakisafiri kwa ndege kwenda kucheza kisha wanarudi kufundisha. Watu wakawaita walimu warukao. Hebu fikiria ualimu wa namna hiyo miaka ya thelathini! Kipa wao, Oleksa Bokshay, aliishia kudakia Slavia Prague.

Kwa hiyo Wasovieti walipolichukua eneo hili walirithi pia shule ya soka iliyokuwa tayari imesimama. Spartak Uzhhorod ikatwaa ubingwa wa Ukraine ya Kisovieti mwaka 1946. Mwaka huohuo Dynamo Kyiv, klabu kubwa ya Ukraine iliyosambaratishwa na vita, ilimaliza mkiani kabisa mwa ligi kuu ya Kisovieti. Dynamo ilikuwa chini ya vyombo vya usalama, na kijana wa mkoani aliyeitwa na klabu ya namna hiyo hakuwa na mengi ya kujadili. Wakaanza kushuka kutoka Karpati mmoja baada ya mwingine: Ernest Yust, Dezideriy Tovt, Mykhaylo Koman. Mwaka 1954 Dynamo ikachukua Kombe la Kisovieti kwa mara ya kwanza, na mmoja wa wafungaji katika fainali alikuwa Koman. Yust naye alikuja kuwa kocha, na mwaka 1969 aliiongoza Karpaty Lviv kutwaa kombe hilohilo ikiwa timu ya daraja la pili.

Szabó aliikuta njia imeshafyekwa. Alijiunga na Dynamo Kyiv mwaka 1959. Miaka miwili baadaye Dynamo ikawa bingwa wa ligi ya Kisovieti, klabu ya kwanza kutoka nje ya Moscow kufanya hivyo. Halafu akaja kocha Viktor Maslov, mtu aliyewafundisha viungo wake kukimbia kwa pamoja na kumkaba adui kabla hajageuka. Leo kila kocha anafanya hivyo, lakini wakati ule ilikuwa habari mpya. Kazi hiyo ilihitaji watu wenye mapafu na ubishi, na Szabó alikuwa navyo vyote, pamoja na shuti zito. Ubingwa wa 1966, 1967 na 1968 ulikwenda Kyiv kwa mfululizo. Septemba 1967 Dynamo ilikwenda Glasgow na kuifunga Celtic 2-1 nyumbani kwake, miezi minne tu baada ya Celtic kubeba Kombe la Ulaya. Marudiano yakaisha 1-1, bingwa mtetezi akatolewa raundi ya kwanza.

Turudi Sunderland. Kati ya mechi ile na 1956 kulikuwa na miaka kumi tu. Novemba ya mwaka huo vifaru vya Kisovieti viliuzima uasi wa Budapest. Ferenc Puskás, Sándor Kocsis na Zoltán Czibor walikuwa nje ya nchi na klabu yao, wakagoma kurudi. Kwa Wahungaria wengi, kukutana na jezi ya Sovieti hakukuwa mpira mtupu. Na ndani ya mojawapo ya jezi hizo alikuwamo Szabó.

Mchezo wenyewe uliamuliwa na makosa. Dakika ya tano kipa wa Hungaria, József Gelei, aliuachia mpira uliokuwa wa kudaka, Igor Chislenko akausukumia wavuni. Mara tu baada ya mapumziko Valeriy Porkuyan akaongeza la pili. Ferenc Bene alirudisha moja, na kuanzia hapo Hungaria ilishambulia bila kupumzika. Viungo wa Sovieti wakawa na kazi ya kukata mashambulizi tu. Ferenc Sipos alipiga mpira wa adhabu ambao watu walishaanza kuushangilia, Lev Yashin akautoa.

Siku mbili baadaye, nusu fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi mjini Liverpool, Szabó alilipia ukali wake. Mapema kabisa alimwingia Franz Beckenbauer kwa nguvu, na aliyeumia akawa yeye mwenyewe. Kombe la Dunia lilikuwa bado haliruhusu kubadilisha mchezaji (ruhusa ilikuja 1970), hivyo alibaki uwanjani akichechemea. Kabla ya mapumziko Chislenko naye akatolewa nje kwa kumpiga teke mpinzani. Wachezaji tisa na mmoja kilema walifungwa 2-1, na nafasi ya nne waliyomaliza nayo inabaki kuwa matokeo bora ya Wasovieti katika historia ya Kombe la Dunia.

Je, kulikuwa na mlango mwingine kwa watu wa aina yake? Kizazi kilichotangulia kulikuwa na László Kubala, mzaliwa wa Budapest mwenye asili ya Kislovakia, aliyewahi kuchezea Chekoslovakia, Hungaria na baadaye Hispania. Lakini Kubala alitoroka mwaka 1949, kabla mipaka haijabanwa sawasawa. Kwa raia wa Kisovieti wa miaka ya sitini, kutoroka kulimaanisha kuiacha familia mikononi mwa dola. Ndiyo maana naona wanaouliza kama Szabó alimsaliti nani wanamdai chaguo ambalo hakupewa.

Na hakuwa wa mwisho. Juni 2, 1986 mjini Irapuato, Mexico, timu hizohizo zilikutana tena kwenye Kombe la Dunia, na Sovieti ikashinda 6-0. Kipigo hicho Wahungaria hawajakisahau hadi leo. Kwenye kiungo cha Sovieti siku hiyo walisimama wawili kutoka Zakarpattia: Ivan Yaremchuk, wa kijiji karibu na Berehove, ambaye alifunga, na Vasyl Rats, Mhungaria wa kijiji cha Fanchykovo. Siku tatu baadaye Rats alipiga kombora la mguu wa kushoto kutoka mbali likamshinda kipa wa Ufaransa, mechi ikaisha 1-1. Dola ilipolegea, Rats alifungasha akaenda Hispania kuchezea Espanyol, kisha Ferencváros ya Budapest. Yeye aliweza, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguliwa.

Szabó hakuwahi kucheza Hungaria. Baada ya msimu mmoja kwenye klabu ya Zorya alihamia Dynamo Moscow, na Mei 1972 alicheza fainali ya Kombe la Washindi mjini Barcelona, ambako Rangers waliwafunga 3-2. Hakuna klabu ya Kisovieti iliyokuwa imefika fainali ya Ulaya kabla yao. Mwaka huohuo alirudi na medali ya shaba ya Olimpiki ya Munich, akatundika daluga akiwa na takriban mechi 40 za timu ya taifa.

Kisha mpaka ukamvuka mara nyingine, safari hii akiwa Kyiv. Mwaka 1991 Ukraine ikawa nchi huru, na Mhungaria huyu wa Uzhhorod akawa mmoja wa makocha wake wakuu. Alifundisha Dynamo Kyiv kwa vipindi kadhaa, na kuanzia 1996 hadi 1999 akashika timu ya taifa. Kwenye mechi za kufuzu Euro 2000 akapangwa kundi moja na Urusi. Septemba 1998 Ukraine ilishinda 3-2 mjini Kyiv. Oktoba 1999 wakakutana Luzhniki, Moscow, uwanja uliowahi kuwa nyumbani kwa timu yake ya taifa. Urusi ilikuwa inaongoza 1-0, na dakika mbili kabla ya mchezo kuisha Andriy Shevchenko akapiga mpira wa adhabu kutoka pembeni. Kipa Aleksandr Filimonov akaudaka vibaya, ukaingia. Urusi ikatolewa palepale, Ukraine ya Szabó ikaenda mechi za mchujo. Mwezi uliofuata Slovenia ikawafunga 2-1 mjini Ljubljana, moja ya mabao likipigwa kutoka karibu na katikati ya uwanja baada ya kipa Oleksandr Shovkovskyi kutoka golini na kumpa adui mpira. Marudiano kwenye theluji ya Kyiv yakaisha 1-1, na Szabó akaondoka kwenye timu hiyo.