Diski Iliyo Mbali na Seva Yake

Seva ikijaa, tumezoea kuizima, kuifungua na kuiongezea diski. Ipo siku nafasi za kuchomeka huisha. Au seva moja inakalia terabaiti tele isizozihitaji huku ya jirani ikiwa imebanwa. Ndipo diski zinapotolewa ndani ya seva na kukusanywa kwenye kabati moja, na kila seva ikagawiwa fungu lake kupitia kebo za kawaida za Etheneti, zilezile zinazobeba barua pepe.

Hifadhi ya namna hii, iitwayo hifadhi ya bloku, si folda ya pamoja, ingawa watu huvichanganya kila siku. Kwenye folda ya pamoja, mfano NFS, unaomba faili kwa jina na upande wa pili unajua ilipo. Hifadhi ya bloku haijui faili ni kitu gani. Seva inaomba bloku (kipande cha diski chenye namba yake) namba 40,000, inapewa baiti 512 au 4,096, basi. Majina, ruhusa na mpangilio wote vimo mikononi mwa seva inayoomba, ndiyo maana huiona diski hiyo kama ya ndani kabisa: huigawa, huifomati, na ikiandaliwa vizuri hata seva yenyewe huwaka kutoka humo.

Sasa mtego. Kwa kuwa diski iko mtandaoni, mtu huiunganisha na seva mbili akitarajia zishirikiane. Mifumo ya kawaida ya kupanga faili kwenye diski, kama Ext4, XFS na NTFS, imeundwa ikiamini kwamba hakuna mwingine anayeigusa diski. Kila seva hushika kwenye kumbukumbu yake picha ya nafasi zilizo wazi. Ya kwanza ikiandika, ya pili haina habari, nayo inaandika palepale. Onyo halitolewi. Utagundua baada ya siku kadhaa, faili zinapofunguka na takataka ndani. Sijui kosa jingine linaloangamiza data kimyakimya kama hili. Anayehitaji kweli kushirikisha diski atumie mfumo wa faili wa kundi la seva, kama GFS2 au OCFS2, ambao hupeana zamu kwa kufuli.

Itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya seva na kabati, inayotumika zaidi ni iSCSI, iliyochapishwa kama kiwango mwaka 2004 kwenye hati ya viwango vya intaneti RFC 3720. Huchukua amri za SCSI, lugha ya zamani ya diski, na kuzifunga ndani ya TCP, njia ya kawaida ya kusafirisha data mtandaoni, kwa kawaida kupitia mlango (port) wa 3260. Kwa kuwa inapanda juu ya IP, mfumo wa anwani za mtandao, inavuka ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. AoE, ndugu yake mwepesi, huweka amri za diski moja kwa moja ndani ya fremu (kifurushi cha data) ya Etheneti; haivuki ruta na haina nenosiri. iSCSI ina uthibitisho wa CHAP, unaotumia nenosiri, lakini hata hapo data yenyewe hupita bila kufichwa. Zote mbili zitengewe mtandao wao, au angalau VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa kwa mipangilio juu ya vifaa vilevile.

Kuhusu kasi, hesabu ni fupi. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125, na humo humo kuna vichwa vya pakiti, yaani anwani na maelezo yanayosafiri na kila kifurushi. Diski moja ya SSD ya SATA huzidi megabaiti 500. Kwa hiyo gigabiti 10 si anasa, ingawa kwa hifadhidata kinachouma zaidi ni muda wa kusubiri jibu la kila ombi.

Wengi hupandisha ukubwa wa fremu kutoka baiti 1,500 hadi 9,000 ili kupunguza kazi ya kichakataji (CPU). Ni sawa, ila seva, swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) na kabati la diski vyote vikubaliane. Swichi moja ikisahaulika, ping ya kawaida (ujumbe mfupi wa kupima mtandao) inajibu, muunganiko unakubali, kisha kunakili faili kubwa kunaganda. Ukiona dalili hizo, anza na swichi.

Kebo ikikatika, kwa seva ni sawa na kung'olewa diski ikiwa kazini. Weka kadi mbili za mtandao na swichi mbili, kisha washa programu ya kuunganisha njia (multipath), inayozifanya njia mbili zionekane kama diski moja. Bila programu hiyo seva itaiona diski moja kama mbili, na fundi mgeni anaweza kuzitumia zote mbili. Mtego ni uleule, safari hii ndani ya seva moja. Kabla hujahamishia data, chomoa kebo moja huku ukiandika faili, uone kama uandishi unaendelea. Irudishe, kisha chomoa ya pili.