Joho si leseni, mama

Nimebakisha wiki tisa nimalize diploma ya unesi na hapa Likoni mtaa mzima ushanimalizia zamani. Mama ashanunua leso doti mbili za mahafali, jirani kila akiniona na yunifomu ananiita daktari halafu anajirekebisha, "aa, nesi", na kule kivukoni saa kumi na mbili asubuhi, mie natoka naiti sijalala, hakukosi mtu wa kunipa ushauri. Sasa wacha niyajibu hapa yote mara moja.

"Ukishavaa joho basi wewe nesi kamili."

La, na hii ndio kubwa yao. Joho ni la chuo, leseni ni ya kaunsili, yaani Baraza la Wauguzi la Kenya, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Ukipita mitihani ya chuo wajiandikisha ufanye mtihani wa kaunsili, ukipita huo ndio wasajiliwa upewe namba, kisha ndio leseni ya kufanya kazi. Na huo mtihani hauko kila siku, una awamu zake ndani ya mwaka, ikikupita moja utulie ungoje ingine. Mahafali hayangoji leseni na leseni haingoji mahafali, kwa hivyo kuna mtu kapiga mapicha na maua shingoni mpaka masikioni na bado haruhusiwi kufanya kazi kama nesi, na kuna mwengine ana leseni mfukoni joho hajaligusa. Halafu leseni yenyewe si ya maisha, ina muda wake, na kuirinyu lazima uonyeshe pointi za kuendelea kusoma. Wale wa digrii ndio zaidi, wao wana na mwaka mzima wa intanshipu.

Nilipomweleza mama haya alininyamazia kidogo, akauliza, "Sasa hizi leso nizirudishe dukani?"

"Nesi kazi yake kudunga sindano na kungoja kutumwa na daktari."

Hebu niwape ya juzi. Usiku, leba, mama kajifungua salama, kondo la nyuma limetoka zima, oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 ashadungwa, kila mtu alhamdulillah. Daktari yuko thieta na mgonjwa mwengine. Mie nikaachwa nae nimuangalie, kazi ambayo ukiitazama kwa mbali waona ni kukaa tu. Nikatia mkono tumboni kutafuta kizazi, maana saa hio chatakiwa kiwe kigumu kama embe bichi, nikakuta chabonyea kama unga wa chapati uliozidi maji. Nikamuita sista huku nasugua, yakatoka mabonge, sista akafika akaongeza dawa, akanishikia mkono akanionyesha pa kukandamiza, na baada ya dakika ambazo mie niliziona saa nzima nikakisikia kinakaza chini ya kiganja. Damu ikifika mililita 500 kwa aliyejifungua njia ya kawaida hapo ishahesabiwa ni kuvuja damu kupita kiasi, na hio ni chupa ile ndogo tu ya maji ya dukani, yajaa upesi kuliko unavyodhani. Daktari alikuja baadae akakuta mama anakunywa chai. Sasa niambieni tulitumwa na nani.

Na wale wanaosema mwaka wa mwisho ni mserereko, ndio huo.

"Manesi watakikana kila mahali, kazi waipata kesho."

Kutakikana watakikana, ingia wodi yoyote usiku uhesabu vitanda halafu uhesabu manesi. Lakini kuna bibi mtaani kwetu, nesi mstaafu, aniambia wao walimaliza chuo barua ya hospitali ikawafuata, na yeye ndie anaemtia mama moyo kuwa kazi iko. Enzi zimebadilika. Tangu 2013 afya ilipopelekwa kaunti, hospitali nyingi za umma zaajiri kupitia bodi ya utumishi ya kaunti, nayo hutangaza nafasi pesa zikiwepo, na zikitangazwa kumi wanaotuma maombi hata sitaki kuwafikiria. Wengi nawajua walioanza na kandarasi ama lokam, yaani vibarua vya kushikia zamu, za siku mbili tatu kwa wiki.

"Basi nenda Uingereza, wamefungua."

Mjomba huyu. Kweli Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya manesi 2021, lakini watu wameelewa ni kama kupanda feri, wasubiri geti lifunguliwe muingie. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna wa unesi unaofanywa kwenye kompyuta, kuna wa vitendo ambao wafanyiwa kulekule, na waajiri wengi wataka mtu aliyeshika wodi kwanza. Marekani nako ni NCLEX, mtihani wao wa leseni ya unesi, wafanywa kwenye kompyuta, maswali 85 mpaka 150, na ule uvumi kwamba kompyuta ikizima kwenye 85 umefeli si kweli, yazima ikishaamua tu, umepita ama umeanguka.

Ya mwisho ni ya wenzangu darasani, maana na sisi tuna zetu. Kile kiapo cha Nightingale tunachokariri kwa ajili ya siku ya mishumaa, sherehe yetu ya kula kiapo, Florence Nightingale mwenyewe, yule nesi Muingereza mashuhuri, hakukiandika. Kiliandikwa 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati ya kina Lystra Gretter, wakakipa jina lake kwa heshima tu, na wakati huo Florence mwenyewe bado yuko hai Uingereza, maana alifariki 1910. Nilipomwambia mwenzangu chumbani akanambia niwache ujuaji nimalize logbuku, kile kitabu cha kutiwa sahihi kazi tulizofanya wodini. Na hapo kanipata, nimebakisha sahihi mbili na sista wa kuzitia yuko ofu mpaka Jumatatu.