Kabla hujasema "albino", angalia macho

Wiki hii nimetumiwa WhatsApp picha tatu za "nyani albino" na hakuna hata mmoja aliye albino, wala nyani hayupo. Naomba sana jamani, kabla hujaforward angalia macho.

Mnyama mwenye ualbino mwili wake hautengenezi melanini vizuri, ile rangi ya nywele, ngozi na macho, ndo maana macho nayo yanapauka. Sasa yule twiga mweupe wa Tarangire waliyemwita Omo, macho yake meusi kama ya wenzake, kwa hiyo ile si ualbino, inaitwa lusizimu, yaani seli za rangi hazikufika kwenye ngozi yote wakati anaumbika.

Picha mbili kati ya zile tatu ni vitoto vya mbega. Mbega weusi kwa weupe huzaliwa weupe pee, wanabadilika ndani ya miezi kama mitatu hivi, hakuna maajabu.

Ya tatu ni tumbili wa hapa Mlimani, huyu namjua, anashinda kwenye mapipa ya taka. Mkia wake una pete nyeupe karibu na ncha na watu wanasema ni wa aina yake, ila ukimsogelea (polepole, asikuone una mkate) chini ya zile nywele unaona kovu limejikunja, alijeruhiwa, na kidonda kikiua seli za rangi nywele zinaota nyeupe.

Kinachoninyima usingizi ni Costa Rica. Kule kuna kima weusi wanaonguruma msitu mzima ukasikia, wameanza kuonekana na mabaka ya njano mkiani na miguuni. Nywele zilipopimwa, kwenye mabaka ilikutwa feomelanini, rangi ya njano-nyekundu, badala ya yumelanini nyeusi, na feomelanini ili itengenezwe inahitaji salfa. Watafiti wanashuku salfa iliyomo kwenye dawa za mashambani, maana kima hao wanakula majani karibu na mashamba ya mananasi na ndizi. Bado ni dhana, lakini mimi naichukulia serious sana, na sisi huku tunapulizia salfa kwenye mikorosho kila msimu, kwa hiyo ukiona tumbili ana baka la njano pembeni ya shamba usimrushie jiwe, piga picha, andika mahali na tarehe.

Yule wa Mlimani jana nimemkuta kabeba mtoto tumboni. Mkia wa mtoto hauna pete yoyote, kovu halirithiwi.