Kujifunza kuogelea ukubwani ili uzamie: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Mwaka huu nimeanza kuogelea na kocha, mara mbili kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi kabla foleni ya Dar haijachanganya, na sababu ni moja tu, nataka kwenda kisiwa cha Mafia nikazamie na mtungi wa hewa mgongoni. Sasa tangu nimelitoa hilo mdomoni kila mtu ana lake, ofisini, kijiweni, hata shemeji yangu ambae hajawahi kuingia maji yaliyompita kiuno nae ana ushauri. Mengine, niseme ukweli, nilikua nayaamini mwenyewe.

"Sisi watoto wa pwani, kuogelea tunazaliwa nako"

Mimi nimekulia Tanga, bahari naisikia nikiwa kitandani, kwaiyo siku ya kwanza nilienda na kifua mbele. Kocha akaniambia haya, nenda mpaka ule ukuta urudi. Bwawa lenyewe mita 25. Nikafika katikati nimeng'ang'ania kamba natweta, na mtoto wa kama miaka saba ananipita pembeni taratibu anaenda zake. Kumbe nilichokua nakijua ni kujirusha kutoka kwenye ngalawa na kurudi kuishika, basi. Na sio mimi peke yangu, pwani yetu imejaa watu wanaoishi kwa bahari, wavuvi wamo, ambao wakianguka kwenye kina hawatoki. Wanawake ndo zaidi maana wengi walikatazwa maji toka utotoni, ndo maana kule Nungwi ulikuwepo mradi wa kuwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na nguo za kufunika mwili mzima.

"Mwafrika mfupa wake mzito, haelei"

Hii naisikia mpaka kwa watu wasomi. Vuta hewa mapafu yajae, lala chali, tulia, karibu kila mtu ataelea. Miguu kushuka ni kawaida, hewa iko kifuani haiko mapajani, na kinachoizamisha zaidi ni kunyanyua kichwa kutafuta pa kwenda, ukinyanyua kichwa makalio yanashuka, unaanza kuogelea kama unapanda ngazi. Kocha wangu neno lake ni moja, "angalia vigae", yaani macho chini. Alafu maji ya bahari ni mazito kuliko ya bwawa kwa sababu ya chumvi, yanakubeba zaidi. Na mzamiaji, awe mweusi au mweupe, anafungwa vipande vya madini ya risasi kiunoni ndo aweze kushuka! Sasa huo mfupa mzito si ungetupunguzia mizigo?

"Ukiwa na mtungi huhitaji kujua kuogelea"

Nusu kweli. Ukitaka kuonja tu, mwalimu anakushika mkono mnashuka, mwisho mita 12, hata asiejua kuogelea anapelekwa. Lakini cheti cha kwanza kabisa, kile kinachokuruhusu kushuka mpaka mita 18, wale PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, wanataka uogelee mita 200 bila kusimama, au mita 300 ukiwa na maski, snokeli (ule mrija wa kupumulia) na mapezi ya miguuni, alafu uelee dakika 10 bila kushika kitu. Mita 200 kwenye bwawa letu ni kulivuka mara nane. Staili yoyote, hakuna anaekushikia saa. Kwaiyo wale wanaosema lazima uwe kama Michael Phelps nao wanatisha watu bure. Mimi hivi sasa niko kwenye sita, ya saba napoteza mpangilio wote.

"Wewe si unakimbia, pumzi unayo"

Nakimbia kweli, kilomita 10 Coco Beach sio habari. Basi kocha akanipa kibao nishike mbele nipige miguu tu. Nikapiga, nikapiga, maji yakaruka mpaka kwa walinzi, nikaangalia pembeni ile nguzo niliyoanzia bado iko palepale. Kuna wakati naapa nilikua narudi nyuma. Shida ni vifundo vya miguu, mkimbiaji vifundo vyake vimekakamaa, mguu unakaa kama jembe badala ya kunyooka kama mkia wa samaki, na mimi nilikua napiga baiskeli kwa magoti wakati nguvu inatakiwa itoke nyongani. Na hiyo ndo miguu utakayovalishwa mapezi ukienda kuzamia, ukipiga baiskeli na mapezi unachimba mchanga, mnaharibiana maji wote.

Kingine maji ni mazito kuliko hewa kama mara 800 hivi. Ukitaka spidi mara mbili yanakukaba mara nne. Kwaiyo ile akili ya kukimbia, kwamba ukichoka kaza, majini inakumaliza. Nilivokua nakaza ndo nilikua nachoka haraka, nilivopunguza nikaenda mbali zaidi, na hii hakuna video ya YouTube ingenifundisha, maana miguu yangu mwenyewe siioni, anaiona yeye kule juu na filimbi yake.

"Kuzamia ni kushika pumzi"

Hapa ndo penyewe. Wiki mbili za kwanza kocha hakunifundisha kuogelea, alinifundisha kutoa mapovu. Umeshika ukingo, uso ndani, toa hewa taratibu, geuza kichwa, vuta, rudi. Dakika ishirini. Mtu mzima na kitambi changu natoa mapovu kama mtoto anaecheza na mrija wa soda, wazazi walioleta watoto wao wananiangalia.

Sasa sababu yake. Watu wengi uso ukiingia majini wanabana pumzi, alafu wakigeuka wanataka kutoa na kuvuta kwenye kile kinusu sekunde, haiwezekani, unaishia kuvuta kidogo juu ya hewa chafu iliyobaki. Na ile hali ya kuhisi unakufa sio oksijeni imeisha, ni kabonidayoksaidi imejaa, ndo inayopiga kengele. Ukitoa muda wote uso ukiwa ndani kengele inatulia.

Nikadhani hilo ni la bwawani tu. Kumbe kwenye kuzamia kanuni namba moja ni usibane pumzi kabisa. Ukiwa mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya juu, ukijaza mapafu kule ukabana ukapanda, ile hewa inatanuka mpaka mara mbili, na mapafu sio puto, yanachanika. Hata kina kifupi cha bwawa kinaweza kukuumiza. Kwaiyo hata kile kifaa cha kupumulia kikikutoka mdomoni unafundishwa uendelee kutoa vipovu vidogo mpaka ukirudishe. Vipovu vilevile! Nilikua nafundishwa kuzamia sina habari.

Alafu piga hesabu. Mtungi wa lita 12 ukijazwa mpaka bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) ni lita 2,400 za hewa. Unatakiwa utoke ukiwa na bar 50, yaani lita 600, kwaiyo unazo 1,800 za kutumia. Mtu aliyetulia anatumia kama lita 15 kwa dakika akiwa juu, mita 10 chini zinakua 30, hiyo ni saa nzima. Mwenye hofu anaehema lita 30, kule chini ni 60, nusu saa na mtungi umelia, na wenzake mara nyingi inabidi wapande nae. Kwaiyo huo ufiti tunaoutafuta bwawani kwa sehemu kubwa ni kupumua polepole tu.

Na ule mtungi sio wa oksijeni jamani. Ni hewa hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa, oksijeni asilimia 21. Oksijeni tupu ukishuka nayo zaidi ya mita 6 inakua sumu.

"Hema harakaharaka kwanza, utakaa chini muda mrefu"

Vijana wa bwawani wanapenda hii, wanahema mara ishirini alafu wanashindana nani atavuka bwawa chini kwa chini. Acheni. Kuhema vile hakukuongezei oksijeni ya maana, kunafukuza kabonidayoksaidi, yaani umezima kengele. Oksijeni inaisha huku mwili haujakuonya, unazimika kama taa, kimya, hupigi hata kelele, wenzio wanadhani unavunja rekodi. Waogeleaji wazuri kabisa wameshakufa hivo kwenye mabwawa yenye watu. Kocha wetu akikuona unafanya hivo siku hiyo umemaliza, unatoka kwenye maji.

"Miwani ya kuogelea si inatosha"

Haitoshi. Miwani haifuniki pua, ukishuka mgandamizo unaikandamiza machoni na huna pa kupulizia hewa ndani ikasawazisha. Maski ina pua ndani kwa sababu hiyo. Masikio nayo yanasawazishwa mapema, unaziba pua unapuliza kidogo kabla hayajauma, yakishauma umechelewa. Ukiwa na mafua, kaa hotelini.

"Umri umekwenda"

Nina 41, na hakuna umri wa juu uliowekwa. Ila fomu ya afya inauliza moyo, presha, pumu, na usiijaze kwa kudanganya maana moyo ni moja ya sababu kubwa zinazoua wazamiaji wa umri wetu. Mimi nilianzia kwa daktari ndo nikaenda bwawani.

"Utazamia na papa potwe"

Kila mtu ananiambia hivi nikitaja Mafia. Papa potwe, wale papa wakubwa wa madoadoa, wanakaa upande wa Kilindoni, kama Oktoba mpaka Machi, na wanakula juujuu, kwaiyo unaogelea nao na maski na snokeli, mtungi unabaki kwenye boti. Na yule bwana anaonekana anatembea tu, akipiga mkia mara moja ashakuacha. Hapo sasa ndo miguu ya kibao inahitajika. Mtungi ni upande wa pili, Utende na ghuba ya Chole, mnaingia maji yakiwa yanajaa.

Na ukimaliza kuzamia usikimbilie ndege, hata zile ndogo. Umezamia mara kadhaa, subiri saa 18 angalau, wengi wanasema 24, ile naitrojeni ya hewa ya mtungi iliyoingia mwilini itoke kwanza. Mimi nishaamua narudi na boti ya Nyamisati, bandari ya upande wa bara, shemeji anasema ni ubahili.