Tochi kali ya kukagulia mifugo usiku: dhana potofu na ukweli wake

Kuanzia Igunga na Nzega kwenye mbuga tupu, hadi Sikonge, Urambo na Kaliua ambako zizi linapakana na miombo, mfugaji wa Tabora huingia zizini usiku kwa sababu zilezile: mtamba anazaa, mbuzi wamelia ghafla, idadi haikutimia jioni, au mbwa wanabwekea kitu nje ya ua wa miiba. Tochi anayouziwa mnadani mara nyingi imeandikwa namba zilizozidi uwezo wake, na maneno ya muuzaji yanazidi hata hizo namba. Fedha inapotea. Kibaya zaidi, mwanga unakata wakati ndama ametoa miguu tu.

Dhana: Lumeni nyingi ndiyo tochi kali

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka mbele ya tochi. Haisemi kama mwanga huo umekusanywa au umetawanyika. Ukali wa mwale unaokwenda mbali hupimwa kwa kandela. Ndiyo maana tochi mbili zenye lumeni 500 kila moja zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Moja inaangaza zizi zima na kuishia hapo. Nyingine inafika kwenye mti ulio mita 200, huku miguuni pako, alipolala nyoka, pakiwa giza.

Halafu kuna namba za kubuni. Boksi limeandikwa lumeni 100,000 kwa tochi ndogo ya betri moja. Piga hesabu: LED nzuri ya tochi hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Lumeni 100,000 zingetaka wati 1,000, yaani umeme wa pasi, kutoka kwenye betri inayoenea kiganjani. Haiwezekani. Balbu ya gari ya H4 ikiwa kwenye taa ndefu hula wati 60 na kutoa lumeni 1,650 hivi, na kila mtu anajua inavyomulika barabara.

Kwa kukagua mnyama aliye hatua mbili mbele yako, lumeni 100 hadi 200 za mwanga mpana zinatosha. Kwa kuzunguka ua, 300 hadi 500. Lumeni 1,000 ni za kuwasha kwa dakika chache pale kitu kinapotikisika kichakani.

Dhana: Imeandikwa mita 400, basi nitaona mita 400

Watengenezaji wanaofuata kipimo cha kimataifa cha tochi huandika umbali ambao mwanga umeshuka hadi luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), karibu sawa na mbalamwezi pevu. Hesabu yake ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 zina kipeuo 100, hivyo boksi litasema mita 200. Kwenye mita hizo utaona kuna kitu, basi. Kujua kama ni fisi au mbwa wa jirani unahitaji nusu ya umbali huo, mita 100, ambapo mwanga ni mara nne zaidi.

Kwa hiyo gawa kwa mbili kila umbali ulioandikwa. Zizi lililozungukwa na vichaka halihitaji zaidi ya kandela 10,000 hadi 20,000, kwa sababu hakuna nafasi ya kuona mbali zaidi. Kwenye uwanda ulio wazi kama mbuga ya Wembere, kandela 40,000 zina maana: mita 400 za boksi, 200 za kweli. Ukitaka kuongeza umbali mara mbili, kandela lazima ziongezeke mara nne, na bei nayo hupanda.

Kinachopeleka mwanga mbali ni bakuli la kuakisi lililo pana na lenye kina, pamoja na LED moja ndogo katikati. Tochi yenye LED saba au kumi na mbili humwaga mwanga mpana wa karibu. Si mbaya, ila usiinunue kwa kutafuta umbali.

Tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma nazo zina gharama yake. Ukivuta mpaka mwisho unaona doa la mraba: hiyo ni sura ya LED yenyewe, na sehemu kubwa ya mwanga imebaki ndani ya kichwa. Isitoshe, kile kichwa kinachoteleza huvuta hewa ndani kila unapokisogeza, pamoja na vumbi na unyevu.

Dhana: Betri ya 9900 mAh hukesha

Hapa ndipo wengi huibiwa. Betri ya lithiamu inayotumika zaidi kwenye tochi za kuchaji ni 18650, namba inayotokana na vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Kwenye ukubwa huo, betri nzuri kabisa za kawaida hufika 3500 mAh hivi (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). Ikiandikwa 6800 au 9900, aliyeiandika amedanganya, na ndani mara nyingi kuna chini ya 1500. Betri nene zaidi ya 21700 hufika 5000 hivi.

Ipime kwa uzito. 18650 halisi ina gramu 45 hivi, pungufu au zaidi kidogo. Iweke kwenye mizani ndogo ya dijitali. Ikisoma gramu 30, iache hapohapo.

Hesabu ya muda nayo ifanye mwenyewe. Betri ya volti 3.7 na 2500 mAh ina nishati ya wati-saa 9.25. Ukiwasha lumeni 1,000, tochi inakula wati 10 hivi, kwa hiyo betri haimalizi saa moja. Ukishusha hadi lumeni 100, inakula wati moja hivi na inakaribia saa nane au tisa. Boksi likidai lumeni 1,000 kwa saa nane kwa betri moja ya namna hiyo, ujue limechukua ukali kutoka mwanga wa juu na muda kutoka mwanga wa chini. Hata kwenye kipimo cha haki, muda unaoandikwa huhesabiwa mpaka mwanga uwe umeshuka hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo.

Tochi ya mawe usiidharau. Mawe yanapatikana kila kijiji na hayangoji jua. Kosa ni kuchanganya mawe mapya na yaliyotumika: dhaifu huishiwa kabisa, mapya yanaendelea kuyasukuma, yanavuja na kula springi. Badilisha yote kwa pamoja, na tochi inayokaa akiba itoe mawe.

Dhana: Betri iishe kabisa kwanza ndipo uchaji, na chaji ya kwanza iwe saa 12

Maneno haya yametoka enzi za betri za nikeli. Lithiamu inaumia ikishushwa chini kabisa. Mwanga ukianza kufifia, chaji. Ikikaa akiba muda mrefu, iache na nusu ya chaji.

Zile tochi kubwa za plastiki zenye pini mbili za kuchomeka ukutani mara nyingi zina betri ya risasi na asidi ya volti 4, na hiyo hutaka kinyume chake: ichajiwe mara tu baada ya kutumika na isikae tupu hata wiki. Ikikaa tupu, chumvi ya salfeti hugandia kwenye bamba za risasi na betri haishiki tena. Tochi nyingi za aina hii zinazotupwa zimekufa kwa kuachwa, hazikufa kwa kazi.

Kwa anayetumia sola: kurudisha wati-saa 9 kwenye betri unahitaji 12 hivi, kwa kuwa nyingine hupotea njiani. Paneli ya wati 5 kwenye jua zuri hutoa 3 hadi 4, hivyo tenga saa nne. Kati ya Novemba na Aprili, mawingu yakitanda, tenga mara mbili au uwe na betri ya pili. Paneli ndiyo ikae juu ya bati. Tochi yenyewe ibaki kivulini. Lithiamu haifai kuchajiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45, na bati la mchana linapita hapo bila shida.

Dhana: Mwanga mweupe wa samawati ndio unaoonyesha vizuri

Unaonekana mkali, ni kweli. Lakini kazi kubwa ya tochi karibu na mnyama ni kusoma rangi. Ukifunua kope la chini la mbuzi, unataka kujua kama ngozi ya ndani ni nyekundu yenye afya, ya waridi iliyofifia au nyeupe kwa upungufu wa damu. Kwa ng'ombe mwenye ndigana baridi unatafuta weupe, na baadaye umanjano, kwenye ufizi na ndani ya kope. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba ikipanda mwanga unaelekea samawati. Mwanga wa kelvini 6500 hufanya hata kope lenye damu lionekane limepauka, na umanjano mwepesi unapotea kabisa. Tafuta kelvini 4000 hadi 5000, na kama boksi linaonyesha kiwango cha uaminifu wa rangi, CRI, kiwe 90 au zaidi.

Dukani jaribu hivi: ingia pembe yenye giza, mulika kiganja chako, kisha nyanya iliyoiva. Kiganja kikionekana cha kijivu na nyanya ya kahawia, tochi hiyo itakudanganya zizini.

Namna ya kumulika nayo ina uzito. Mwanga ukitoka usawa wa macho yako moja kwa moja, unafuta vivuli na mwili wote unaonekana bapa. Shika tochi pembeni, karibu na ngozi, mwanga uteleze juu yake: uvimbe, kidonda kipya, kupe walioganda chini ya mkia na kwenye chuchu, vyote vinatoa kivuli na kujitokeza. Tumbo lililovimba kwa gesi litazame ukiwa nyuma ya ng'ombe, ulinganishe ubavu wa kushoto na wa kulia. Wa kushoto ndio unaopanda.

Ng'ombe anayezaa usimmulike machoni. Mwanga uanzie chini, upande miguuni, ndipo mwilini, huku ukimsemesha kwa sauti anayoizoea. Kama kuna paa la bati, mulika bati. Mwanga unaorudi hutosha. Mikono inahitajika yote miwili, hivyo tochi ya kichwani yenye mwanga mpana ni bora kuliko tochi kubwa yoyote. Miguu ya ndama ikishaonekana na saa nzima ikapita bila kusogea, mwite mtaalamu wa mifugo.

Tochi ya kichwani ina udhaifu mmoja. Kukiwa na moshi wa kinyesi kilichowashwa kufukuza mbu, vumbi la kiangazi au mvua, mwanga wake hugonga chembe zilizo mbele ya macho yako na unaona ukuta mweupe. Ivue, ishike usawa wa kiuno.

Dhana: Rangi ya macho yanayong'aa inakuambia ni mnyama gani

Ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, paka na fisi wote wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Rangi unayoiona, kijani, njano au nyekundu, hubadilika kwa pembe na umbali, hivyo usiitegemee. Tazama kimo cha macho kutoka ardhini, nafasi kati yake na mwendo. Macho ya fisi yanatazama mbele na hukaa mawili. Ng'ombe akigeuza kichwa kidogo, moja linapotea. Nguruwe hana utando huo, kwa hiyo banda lisilong'aa macho si banda tupu. Vinukta vidogo vya kijani vinavyong'aa kwenye nyasi mara nyingi ni macho ya buibui.

Kuona mng'ao huo shika tochi karibu na shavu. Ukiishika kiunoni, mwanga unaorudi haukufikii.

Dhana: Taa nyekundu mifugo hawaioni

Wanaiona, ila hafifu, kwa sababu jicho la ng'ombe lina aina mbili tu za seli za rangi na nyekundu iko pembezoni mwa uwezo wake. Faida kubwa ni kwa macho yako: baada ya mwanga mweupe mkali huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza tena. Hesabu mifugo kwa nyekundu, kagua kwa nyeupe. Damu kwenye mwanga mwekundu haionekani.

Dhana: Mwanga wa kumetameta unafukuza fisi moja kwa moja

Unamshtua. Taa inayometa mahali pamoja kila usiku anaizoea na kurudi. Kijana wa Kenya, Richard Turere, alitambua kuwa simba waliogopa tochi inayotembea, ndipo akatengeneza taa zinazopokezana kuwaka kuzunguka boma, zikielekea nje, kana kwamba mtu anapita na tochi. Mwanga unaohama ndio wenye maana. Ndani ya zizi usiwashe kabisa mwanga wa kumeta: ng'ombe hujazana upande mmoja na kukanyaga ndama.

Dhana: Tochi ikipata joto ni mbovu, na ikiandikwa haiingii maji, haiingii

Kasha la alumini likipata joto ni dalili kuwa joto linatoka kwenye LED. La plastiki likibaki baridi huku mwanga ukififia haraka, joto limekwama ndani. Tochi nzuri hujishusha yenyewe baada ya dakika chache kwenye mwanga wa juu. Huo ndio mpango wake.

Kuhusu maji, IPX4 ni matone na mvua. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Vyote hutegemea kipete cha mpira kwenye uzi wa kufungia. Kifute vumbi, kipake silikoni kidogo, na usitumie grisi ya gari, kwani baadhi ya mipira huvimba. Tochi ikishaingia maji, izime, toa betri kabla ya kitu kingine chochote, fungua kila kinachofunguka na uiache kivulini mpaka ukungu wote uondoke ndani ya kioo. Usiichaji kabla ya hapo.