Dawa ya Kuchochea Utomvu Si Mbolea

Nimechoka kuelezwa na wakulima wa mpira kwamba wameacha mbolea ya naitrojeni kwa kuwa sasa wanapaka ethefoni, dawa ya kuchochea utomvu, kwenye gome na utomvu umeongezeka. Kuongezeka umeongezeka kweli, ila si kwamba dawa hiyo inaulisha mti.

Ethefoni ikiingia kwenye gome huvunjika na kutoa ethilini, ambayo ni homoni. Ethilini huchelewesha kuziba kwa mirija ya utomvu iliyokatwa, huvuta maji na sukari ndani yake, na huamsha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemia ndani ya seli), kikiwemo glutamini sinthetezi, kinachounganisha amonia na glutamati ili kupata glutamini, ambayo baadaye hutoa naitrojeni ya kujengea asidi amino nyingine. Mti uliopakwa dawa, basi, una kazi kubwa zaidi ya kujenga protini, na ndio huohuo mkulima anaounyima naitrojeni.

Wenye elimu kidogo ya kemia hunijibu kwamba molekuli ya mpira ni kaboni na haidrojeni tupu, kwa hiyo haihitaji naitrojeni. Molekuli ni hivyo kweli, lakini kinachodondoka kikombeni ni saitoplazimu, yaani uteute wa ndani, ya seli hai. Ukizungusha utomvu mbichi kwenye mashine ya kasi kubwa sana, utaona tabaka jeupe la mpira likielea juu, majimaji maangavu yenye vimeng'enya katikati, na chini mashapo yenye umanjano, ambayo sehemu yake kubwa ni lutoidi, yaani vifuko vilivyosheheni protini. Ribosomu, vijitambo vinavyojenga protini, nazo hutoka. Viini vya seli na mitokondria, vinavyoipa seli nguvu, hubaki vimeng'ang'ania kuta za seli, na kutoka hapo mti hulazimika kujenga upya kila kilichogemwa kabla kisu hakijarudi. Anayegema kila siku, tena juu ya dawa, asishangae mti ukikauka chanjo, yaani mkato wa gome unakotoka utomvu.

Wengine huruka upande wa pili na kumwaga urea, mbolea ya naitrojeni, wakidhani kesho yake kikombe kitafurika. Naitrojeni bila sukari haitengenezi mpira: ni lazima sukari itoke majanini, kisha kimeng'enya kiitwacho invertezi kiivunje, nacho huzorota utomvu unapoelekea kwenye uasidi.

Harufu kali ya amonia kwenye mapipa ya utomvu haitokani na mti. Ni amonia iliyotiwa na watu ili utomvu usiharibiwe na bakteria wala kuganda. Wala si jua pekee linalosimamisha mtiririko kwenye chanjo, kwani lutoidi hupasuka, yaliyomo humwagika, na chembe za mpira hushikamana na kuziba mirija.

Ushauri wangu, ambao wengi huona ni usumbufu, ni kupima sukari, fosfeti na thioli (kemikali zenye salfa zinazokinga seli) katika utomvu kabla ya kugusa chupa ya dawa. Sukari ikiwa chini, usipake. Punguza siku za kugema kwanza.