Panya wa ghalani na kirusi cha Lassa: maswali kutoka Kisesa

Shikamoo daktari. Kwenye simu wanasambaza kwamba homa ya Lassa ya Nigeria inaletwa na panya shamba, hawahawa wa kwetu. Nina magunia 12 ya mahindi chumbani, usiku ni mbio tupu. Tutapona?

Marahaba. Kuhusu panya hawajakudanganya: ni jamii ileile, yule wa kahawia mwenye chuchu nyingi, anayeweza kuzaa zaidi ya 10 kwa mkupuo. Walichoruka ni kwamba Lassa ni ugonjwa wa Afrika Magharibi. Panya shamba wa Tanzania wamekutwa na virusi vya ukoo huohuo, kile cha Morogoro na kile cha Gairo, lakini havijulikani kumwambukiza binadamu.

Panya mmoja, mbona virusi mbalimbali?

Kirusi hakina miguu, kinakwenda anakokwenda panya wake, na panya shamba si msafiri (labda apakiwe na magunia kwenye kivuko cha Ukerewe!). Koo za panya zikikaa mbalimbali muda mrefu, virusi vyao navyo huachana. Hapa nchini watafiti walikwenda mpaka pale koo mbili zinapokutana na hata kuzaliana. Panya walichanganyika; kirusi cha Gairo na cha Morogoro kila kimoja kikabaki upande wake. Mimi jambo hilo bado linanishangaza.

Vinaachana vipi?

Umewahi kuona mwanafunzi wa dawati la nyuma akinakili kwa jirani kwa sababu ubao hauoni? Mwalimu kaandika “mbegu”, yeye kaandika “mbega”. Atakayenakili kwake naye ataandika “mbega”, na ataongeza kosa lake. Virusi vingi vya RNA, kama hiki cha Lassa (jeni zao, yaani maelezo ya kurithi, zimeandikwa kwa kemikali iitwayo RNA), hujinakili hivyo, bila kusahihisha. Ukiyapanga madaftari kwa makosa yake, unajua nani alinakili kwa nani.

Kwa kirusi cha Lassa, kilichogunduliwa mwaka 1969 na kupewa jina la mji wa Lassa, Nigeria, makosa hayo yanaonyesha matawi ya kale zaidi yako Nigeria, na Sierra Leone, Guinea na Liberia wana tawi lao. Mwaka 2018 wagonjwa walipoongezeka Nigeria, watu walihofia kirusi kipya kinachoruka mtu kwa mtu. Jeni zikasomwa: virusi vilevile vya zamani, vilivyotoka kwa panya wengi kuingia kwa watu wengi, na mito mikubwa imevitenga kama mipaka ya mashamba.

Hayo ya jeni yananihusu nini mimi?

Kipimo cha maabara hutafuta herufi fulani za kirusi. Zikiwa zimebadilika, mgonjwa anaweza kuambiwa hana kitu.

Basi chumba nikiache tu?

Hapana! Panya ana mengine. Homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022 ni bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Usifagie mavi ya panya yakiwa makavu, vumbi lake utalivuta. Fungua dirisha, vaa glavu, mwagia maji yenye dawa ya madoa (kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji), subiri dakika 5, kisha futa kwa kitambaa kibichi. Magunia yapandishe juu ya mbao, mbali na ukuta, paka apate pa kupita.